Kwa Koku, Aliyejigamba Kamachumu

Mpendwa dada Koku,

Juzi Novati alikuja hapa kwangu Nyanga na karatasi moja iliyopigwa chapa. Alikataa chai, akasema hakuja kukaa, kisha akakaa saa mbili. Yeye na wenzake wameunda kamati ya kutengeneza kitabu cha nyimbo za zamani za kwetu Muleba, na wametenga ukurasa mmoja kwa kikundi chetu cha ujana, kile cha Ijumbi. Wanataka wimbo wako uchapwe wote, mwanzo hadi mwisho, na chini yake yawepo maneno haya: "Umetungwa na kikundi." Aliye na maneno yote, yameandikwa katika daftari, ni mimi peke yangu. Nilitakiwa niyatoe na kutia sahihi.

"Ni heshima kwake," Novati aliniambia.

"Kwake nani? Jina lake haliko hapa."

"Kikundi ni sisi sote, bwana. Wakati ule hatukuwa na mambo ya mimi, mimi."

Nilimwomba siku tatu. Leo ni ya tatu. Nakuandikia wewe, na nimeamua kila mtu aisome barua hii, kwa sababu yaliyotokea Kamachumu yamesimuliwa vibaya kwa miaka mingi, na mara ya mwisho yalisimuliwa vibaya mbele ya jeneza lako. Msemaji alisema ulipenda muziki ujanani, ukaacha. Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na migomba. Sina desturi ya kumkatiza mtu msibani. Namkatiza sasa.

Unakumbuka tulivyoanza. Tulikuwa watatu: Novati aliyeimba, Audax aliyepiga gitaa la kwanza, na mimi niliyepiga la pili na kuandika maneno. Magitaa yalikuwa ya mbao za masanduku, na nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki ya baiskeli. Hatukuwa na wimbo hata mmoja wa kwetu. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa fundi Shabani, mshonaji wa pale kituoni, kwa sababu ndiye aliyekuwa na redio na saa hiyo zilipigwa nyimbo za Kongo. Shabani aliyaanika mawe ya redio, yaani betri zake, juani tangu alfajiri ili yapate nguvu ya kutufikisha mwisho wa kipindi. Wimbo ukianza, kila mtu alikamata sehemu yake. Novati alikamata sauti, Audax vidole, mimi maneno. Lugha hatukuijua. Niliandika nilichosikia, haraka, bila kuinua kichwa, na pale niliposhindwa niliacha nafasi mpaka Jumamosi nyingine. Wimbo mmoja ulituchukua mwezi mzima. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi uandishi wa habari, huwa nawatajia chuo. Nilijifunzia kwa Shabani.

Jumamosi ilikuwa pia siku ya shamba la ujamaa. Kila kaya ilitoa watu wa kwenda kulima rweya, ule uwanda wa majani ulioko nje ya migomba, ardhi ngumu ambayo jembe hudunda kabla ya kuingia. Kwetu ulikwenda wewe. Ulilima sehemu yako, na mara nyingi ulilima na yangu, ili mwenyekiti asiandike kwamba kaya yetu imetega. Mimi nilikuwa kwenye redio. Nayasema haya mapema ili yasije yakaonekana nimeyaficha.

Jumapili baada ya misa tulifanyia mazoezi nyuma ya jiko letu, wewe ukimenya ndizi. Siku moja tulikuwa tumeurudia wimbo mmoja mara sita, unagoma. Ukasema bila kugeuka:

"Novati, hapo mmekosea. Mtu wa redio anapanda, ninyi mnashuka."

"Umeusikia wapi wewe?"

"Nilikuwa napita na jembe."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Wewe Ta Novati umeusikia mara ngapi?"

Ulimwita Ta, kama tunavyowaita wanaume wazima wenye kibanja chao cha migomba, na yeye hakuwa hata na ndevu. Audax alicheka hadi akaliweka gitaa chini. Novati alinuna, lakini alipanda pale uliposema apande, na wimbo ukakaa.

Siku hiyohiyo yalizuka mabishano ambayo vijana wote wanaoanza muziki huyapata. Audax alichoka na kopi. Alitaka tutunge. Novati hakutaka kusikia. "Hakuna anayeinuka kucheza wimbo asioujua," alisema. "Tupige wanazozijua, tutunge tukishakuwa na jina." Walibishana wao kwa wao, mwisho wakakuuliza wewe, kwa mzaha tu. Ulijibu ukiendelea kumenya.

"Pigeni kopi. Mimi nilijifunza kumenya kwa kuiangalia mikono ya mama, na hakuna aliyesema namwibia. Ila siku mkitunga, mtunge jambo mlilolifanya. Msije mkajigamba kwa shamba la mtu."

Hukulitoa hewani neno hilo. Lilikuwa la baba. Wanaume wa kwetu hujigamba. Kwenye harusi mtu husimama mbele ya wakwe na wazee, akataja kwa sauti kubwa matendo yake na ya baba zake, maneno yakimtoka kama mvua ya mawe. Baba alitufundisha kanuni mbili. Ya kwanza, hujigambi kwa usilolifanya, na mzee yeyote anayo ruhusa ya kuinuka kukuuliza shahidi wako ni nani. Ya pili, majigambo ya mtu hayarudiwi na mwingine. Ukiyarudia umemvua nguo. Alinifundisha mimi, mwana wa kiume, jioni baada ya jioni. Wewe ulikuwa ukipita na maji, ukipita na kuni. Kama ulivyousikia ule wimbo.

Halafu likaja tangazo. Bwana Utamaduni alikuwa anakuja kutoka Bukoba hadi Kamachumu kushindanisha vikundi vya vijana, na mshindi angepewa magitaa mawili ya dukani. Sharti lilikuwa moja: hakuna nyimbo za kigeni, kila kikundi kije na wimbo wake, wa kujenga taifa. Novati alikosa usingizi kwa ajili ya magitaa yale. Siku mbili kabla, alichukua wimbo wa Kongo, uleule ambao wewe ulitusahihisha nyuma ya jiko, akaufuta maneno na kuweka ya Kiswahili. Tumelima rweya, tumeng'oa visiki, tumeshinda jua na mvua, sisi vijana wa Ijumbi. Aliona una nguvu zaidi ukiwa na mwendo wa majigambo, kwa hiyo kila mstari ulianza na "Mimi ndiye." Aliwaza uzuri wa maneno. Hakuwaza nani atakuwa amekaa mbele yake.

Waliokaa mbele walikuwa watu wa Ijumbi. Walikuwa wametembea tangu asubuhi hadi Kamachumu kutushangilia. Uwanja wa shule ulijaa, kulikuwa na meza yenye kitambaa, Bwana Utamaduni nyuma yake, na magitaa mawili yamelazwa juu ya meza yakimeremeta. Tukaanza. Novati aliimba vizuri, lazima niseme hivyo. Alipofika "Mimi ndiye niliyeilima rweya hadi kwenye mwamba," mzee Ta Byabato aliinuka pale alipokaa, akavua kofia.

"Waitu, ndugu zetu, samahani. Mliilima siku gani?"

Novati alimtazama Bwana Utamaduni, kama anayeomba mvua isimame.

"Nauliza tu," mzee aliendelea kwa upole. "Maana Jumamosi sisi tulikuwa kule, na ninyi mlikuwa kwa Shabani mnasikiliza redio. Au redio nayo ina shamba?"

Nimesikia watu wakicheka katika mikutano mingi tangu siku hiyo. Sijasikia tena kicheko kama kile. Hakikuwa cha chuki, ndiyo maana kiliuma. Audax alishuka jukwaani. Novati alibaki amesimama, mdomo wazi. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kushuka bila kuonekana ndipo nilipokuona umeweka chini kikapu cha chakula chetu na unapanda. Ulikuwa na kanga ya shambani. Ulinisogelea na kuniambia maneno mawili tu: "Ule wangu."

Niliujua. Ulikuwa ukiuimba rweya na jikoni, polepole, na nilikuwa nimekwisha kuutafutia sauti zake kwenye gitaa bila kukuambia. Nikaupiga. Ukaanza: mwanamke, mbele ya wazee, mbele ya baba, unajigamba.

Maneno yako siyarudii hapa, na nitaeleza mwishoni kwa nini. Lakini ulifuata kanuni kuliko sisi. Kila ulipotaja jambo ulisimama na kuuliza shahidi. Majibu ya wengine ninayo ruhusa ya kuyaandika, nami niliyasikia yote.

"Nilikuwepo!" Ma Anastazia alijibu mstari wa kwanza. "Mpaka kwenye mwamba, na jembe lilikuwa langu!"

Mstari wa pili wanawake watatu walijibu pamoja, kwamba ni kweli, ulilima safu mbili, yako na ya ndugu yako wa kiume. Watu waligeuka kunitazama. Niliendelea kupiga.

Mstari wa tatu ulikuwa wa swali. Uliuliza, kwa majigambo yaleyale, wanaume wa kijiji walikuwa wapi jua lilipopanda. Bibi mmoja, sauti yake nyembamba, akasema, "Kivulini, mwanangu. Wanasubiri wanywe lubisi ya ndizi," na sehemu yote ya wanawake ikalipuka.

Bwana Utamaduni aliinua mkono. "Binti! Wimbo huu umepitishwa na nani?"

Hapo niliacha kupiga. Naandika kama ilivyokuwa: mkono uliinuka, nami nikaacha. Hakuna aliyenishika, hakuna aliyenitisha kwa jina. Sababu ni woga, na hakukuwa na sababu nyingine nyuma yake.

Wewe hukuacha. Hukunigeukia hata kuona kimetokea nini. Uliimba mistari mingine minne bila gitaa, ukipiga kiganja pajani, na kila mstari ulipata shahidi. Ulipomaliza ulikwenda moja kwa moja mezani.

"Umeandika jina la Novati," ulimwambia. "Andika na langu."

"Hukusajiliwa."

"Ndiyo maana nasema andika."

"Wimbo wako unawakatisha tamaa wananchi."

"Wananchi ndio waliojibu, mzee. Umewasikia."

Hakuandika. Nilisimama karibu na meza, nikaisoma karatasi yake juu chini: majina matatu, la Novati, la Audax na langu. Magitaa yalikwenda kwa kikundi kingine ambacho sikumbuki kiliimba nini.

Yaliyofuata nyumbani watu huyapamba. Wengine husema baba alikupiga. Hakukupiga. Alikaa, akatafuna kahawa, akasema, "Mwanamke hajigambi." Ukamuuliza, "Basi baba, nani atanijigambia?" Aliendelea kutafuna, na mimi niliyekuwa na jibu nilitazama chini. Siku ya tatu mwenyekiti alileta shauri: uombe radhi mbele ya mkutano wa kijiji, yaishe. Mama alikusihi. Alisema maneno ni upepo, yaseme tu yapite.

"Mae, niombe radhi kwa lipi?" ulimuuliza. "Kwa kulima au kwa kusema nililima?"

Hukuomba. Ulifunga nguo zako, ukaenda kwa shangazi hapa Nyanga. Mtu aliyekuwa amekuposa Kamachumu alituma ujumbe kwamba ameahirisha, na wewe ukatuma wako kwamba umefuta. Hiyo ndiyo bei uliyolipa, na sikuwahi kukusikia ukiilalamikia. Kikundi chetu kilirudi kwenye kopi. Kilidumu mwaka mmoja, kisha Audax akaenda jeshini nami nikaenda kwenye gazeti.

Sasa namjibu yule msemaji wa msibani. Hukuacha. Kwa miaka yote ya Nyanga uliimba kwenye harusi za Wakatoliki na za Waislamu, na ukitakiwa kopi ulipiga kopi bila aibu: za Kongo, za Kampala, za redio. Ulizipiga kama zilivyo, ukiwaambia watu wenye nyimbo hizo wametoka wapi. Wimbo wako ulikuwa ukiuimba mara chache tu, kwa sababu uliweka sharti lako mwenyewe kwamba kila ukiimba lazima uwe na jambo jipya la kuongeza. Uliongeza ulipojenga nyumba ya vyumba viwili. Uliongeza ulipowafundisha wanawake wa darasa la kisomo cha watu wazima kuandika majina yao. Uliongeza ulipomzika shangazi uliyemuuguza. Kila mara ulitaka shahidi aliye hai, na akikosekana mstari ulisubiri. Mimi niliandika kila nyongeza katika daftari, kwa haraka ileile ya kwa Shabani, ila bila nafasi tupu.

Nilikuomba radhi mara moja, unakumbuka, siku ulipokuwa ukipukuchua maharage. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwandishi anayeogopwa na wakubwa wawili watatu, nikaona nina haki ya kusema. Ulinitazama kama unayepima kitambaa.

"Ulipiga mistari mitatu," ulisema. "Wenzako hawakupiga hata mmoja."

Kisha ukaongeza, "Lakini ilikuwa saba." Na ukanipa ungo nipepete.

Mjukuu wako Editha, mtoto wa binti uliyemzaa hapa Nyanga, anakuja kwangu siku hizi na gitaa. Ana miaka kumi na saba, vidole vyake vina sugu tayari, na anabishana na wenzake ubishi uleule, kama vile hakuna aliyewahi kubishana kabla yao. Mmoja anasema kopi ni utumwa, mwingine anasema nyimbo za kutunga mwenyewe hazina msikilizaji. Wiki iliyopita aliniuliza kama nitampa daftari, aimbe wimbo wa bibi.

"Hapana," nilimwambia.

"Babu! Mimi ni damu yake."

"Ndiyo. Shamba lake ulililima?"

Alinuna kama Novati. Lakini ana kichwa chako, alirudi kesho yake. "Basi nitunge nini? Mimi sina nililolifanya."

"Ndiyo maana kuna kopi," nilimwambia. "Piga za wote, mpaka mikono ijue njia. Na huku unaishi."

Sikumwambia hivyo kwa kumdharau. Nimechoka kusikia watu wazima wakiwaambia vijana kwamba anayepiga kopi ni kasuku na anayetunga ndiye mtu. Novati alitunga, na utunzi wake ulikuwa uongo juu ya sauti ya kuazima. Wewe ulipiga kopi maisha yako yote, na katikati ya kunakili ulikuwa na jambo moja lako ambalo kila mstari wake ulipata shahidi. Mimi nimenakili maneno ya watu kwa miaka arobaini na siyaonei haya. Kinachonitia aibu ni pale nilipoacha kupiga.

Kwa hiyo nimeamua, na uamuzi wenyewe ndio huu. Kitabu hakipati wimbo wako. Si kwa jina la kikundi, na hata kwa jina lako hakipati. Majigambo ya mtu hayarudiwi, na ukurasa unarudia kila unapofunguliwa, na yeyote, aliyelima na asiyelima. Nimempigia Novati simu leo asubuhi nikamsomea sentensi ninayokubali ichapwe: "Kokugonza wa Ijumbi alitunga wimbo wake, akauimba Kamachumu, wakamzuia, akaumaliza."

"Na maneno?" aliuliza.

"Hayamo."

"Watu watasema umewanyima urithi wao."

"Waseme. Nimewanyima."

Alivuta pumzi ndefu. Yeye si mtu mbaya, dada, usimfikirie hivyo. Nadhani anataka tu siku ile iwe imeisha kwa namna nyingine. "Na daftari utalifanya nini?" akauliza. Nikamwambia nimelichoma jana jikoni, karatasi kwa karatasi, Editha akichochea moto.

"Kweli umechoma?"

"Shahidi yupo. Muulize Editha."

Pumzika, Koku. Hakuna atakayesimama mahali pako.

Ni mimi, mdogo wako,
Nyanga, Bukoba